Alamu ya moshi ya umeme inasumbua kwenye nyumba ya kupanga Uingereza? Anza kwa kusikiliza inavyolia

Kile kisahani cheupe kwenye dari ya korido, wengi wetu tunakuja kukijua siku kinapoanza kulia saa tisa usiku. Tulikotoka nyumba nyingi hazina hicho kitu, hakuna aliyetufundisha, na matokeo yake nimeona soksi, nimeona kofia ya plastiki ya kuogea, nimeona mtu kakiacha kinaning'inia kwa waya kama popo, nimeona hadi kimefungiwa kwenye droo ya kabati na bado kinalia humo humo maana betri imo. Nimefanya ukarabati mdogo mdogo kwenye majumba ya kupangisha miaka kadhaa na maswali ni yale yale kila wiki, kwa hiyo nayaweka hapa kwa dalili, tafuta ya kwako usome.

Naongelea zile za umeme wa nyumba, volti 230, zenye betri ya akiba ndani. Kama yako ni ya betri tupu, nusu ya haya hayakuhusu.

Kabla hujapanda kwenye kiti

Kuna kulia na kulia. Kuna ile pi! moja, kimya, alafu pi! tena kama kifaranga kilichopotelewa na mama yake, hiyo ni alamu inalalamika kuhusu yenyewe. Na kuna mayowe, makali, yasiyokatika, hayo chukulia ni moto mpaka uhakikishe. Nusa, chungulia jikoni, mlango uliofungwa uguse kwanza kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuufungua, ukiona moshi toa watu nje, funga milango nyuma yako, piga 999 ukiwa nje. Habari ya kutafuta alamu ipi mbovu haipo hapo.

Kama ni kifaranga, angalia taa zake. Ya kijani ikiwaka maana yake umeme wa nyumba unaifikia. Nyekundu kupepesa mara moja kila baada ya sekunde 40 au dakika hivi, kwenye alamu nyingi ni salamu tu, inasema nipo kazini, watu wananipigia simu usiku kwa ajili ya hiyo na hamna tatizo lolote. Modeli zinatofautiana lakini, jina la modeli limeandikwa ubavuni au mgongoni, ligugo upate kijitabu chake maana cha karatasi mwenye nyumba hajakuachia, nakuhakikishia.

Alafu tarehe. Ubavuni tafuta maneno "REPLACE BY" na mwaka. Alamu hizi zinaishi miaka 10 basi. Kama mwaka umepita usihangaike na betri wala vakyum, ruka mpaka kwenye sehemu ya mwenye nyumba huko chini.

Na panda ngazi ya kweli. Kiti cha ofisini chenye magurudumu kimeshavunja watu viuno.

Inalia pi moja, kila sekunde 40 au dakika

Hii ndo namba moja, labda nane kati ya kila simu kumi ninazopokea.

Sababu kubwa ni betri ya akiba kuchoka. Mtu anauliza mbona hii ni ya umeme? Ni ya umeme ndiyo, betri ni ya siku umeme ukikatika, na alamu inaichunguza kila mara, ikiona imeshuka inalia hata kama umeme upo. Na kwanini iwe usiku wa manane? Kwa sababu nyumba ikipoa betri iliyochoka inazidi kulegea, asubuhi hita ikiwaka inapata nguvu kidogo inanyamaza, mtu anasema imepona yenyewe, usiku unaofuata inaanza tena.

Sasa betri ziko za aina mbili. Kuna inayobadilishwa, mara nyingi ile ya mraba ya volti 9, na kuna iliyofungiwa humo humo kiwandani ambayo hubadilishi, ikifa inabadilishwa alamu nzima. Utajuaje? Soma lebo, na kama hakuna kidroo wala kimlango cha betri ni hiyo ya pili, usiichokonoe na bisibisi. Kama ni ya kubadilisha nunua aina iliyoandikwa kwenye lebo, kawaida alkalaini au lithiamu, zile za bei ya kutupa zisizo alkalaini zitakurudisha kwenye ngazi baada ya miezi michache.

Kabla ya kubadilisha nenda kwenye mein switchi, zima sakiti breka ya alamu. Wakati mwingine ina lebo yake, wakati mwingine alamu zimeungwa kwenye laini ya taa, kwa hiyo ukizima za taa na kijani ikazimika ujue ndo yenyewe. Hakikisha kijani imezimika kweli kweli. Nyingine zina kidroo ubavuni hushushi kitu, nyingine unaiteleza pembeni kutoka kwenye kitako chake, nyingine unazungusha kinyume na saa. Ukiishusha ukakuta plagi ya waya nyuma chomoa plagi, usivute waya. Weka betri, irudishe mpaka isikike imekaa, washa breka, kijani irudi, bonyeza TEST.

Sababu ya pili ni uzee, tarehe tumeshaongelea. Alamu nyingi zikifika mwisho zinalia mlio unaofanana sana na wa betri, ndo maana watu wanabadilisha betri tatu bila mafanikio.

Ya tatu inatuhusu sana sisi tunaokaa kwenye nyumba za mita ya kulipia kabla, yaani LUKU ya huku. Salio likiisha umeme unakatika, alamu inahamia kwenye betri, ukichelewa kuongeza siku mbili tatu betri inanyonywa. Ukihamia nyumba iliyokaa wazi miezi na umeme umezimwa utakuta zote zinalia kama banda la kuku. Zenye betri ya ndani inayojichaji, rudisha umeme uzipe siku nzima kabla ya kuzihukumu.

Ya nne vumbi. Pitisha brashi laini ya vakyum kwenye matundu ya pembeni, taratibu, bila kuifungua. Usipulizie dawa ya mbu humo wala usifute na kitambaa kilicholowa.

Na ya tano, naicheka lakini imenikuta mimi mwenyewe: inayolia sio hiyo. Sauti kali fupi kama ile ukiwa koridoni husikii inatoka wapi. Niliwahi kubadilisha betri za alamu tatu za familia moja, bado pi, pi, saa nzima nazunguka na ngazi, kumbe ni alamu ya kaboni monoksaidi (gesi ya sumu) iko ndani ya kabati la boila, ule mtambo wa kupasha maji na nyumba, imefunikwa na mataulo. Kaa chini ya kila kifaa dakika mbili usikilize. Angalia na kabati la boila, na droo ambayo mpangaji aliyepita alitupia kile cha zamani.

Hapo hapo niseme kwa uzito: kama ni hiyo ya kaboni monoksaidi na haifanyi pi moja moja bali inapiga mfululizo (nyingi zinapiga milio minne, zinapumzika, zinarudia), hiyo sio betri. Zima boila kama unaweza bila kuchelewa, fungua madirisha, tokeni nje wote, piga 0800 111 999 ambayo ni ya dharura za gesi, bure, saa 24. Gesi hiyo haina harufu. Kichwa kikiuma, kizunguzungu, kichefuchefu kwa watu wawili watatu nyumba moja kwa wakati mmoja, usiseme ni mafua. Na jiko la mkaa, jamani, hata baridi iwe kali vipi, usiliingize ndani.

Umeweka betri mpya na bado inalia

Kwa mpangilio wa ninachokutana nacho: betri haijakaa sawa au mlango wake haujafunga, ile karatasi ya plastiki ya betri mpya haijatolewa, betri "mpya" ilikuwa kwenye droo ya jikoni tangu zamani, au alamu bado ina chaji iliyobaki inakumbuka betri ya zamani. Hii ya mwisho dawa yake ni kuzima breka, kutoa betri, kushikilia kitufe cha TEST sekunde 15 au 20, inaweza ikalia kwa uchungu kidogo alafu ikafifia, rudisha kila kitu. Ikiendelea baada ya hapo alamu imekufa, usinunue betri ya pili.

Inapiga mayowe na hamna moto

Jikoni ndo mshitakiwa wa kwanza. Chapati za watu kumi, samaki wa kukaanga, kitunguu kilichoungua, nyumba za huku ni ndogo na mlango wa jiko uko wazi, alamu iko hatua tatu. Funga mlango wa jiko, washa feni ya juu ya jiko kabla hujaweka kikaango (sio baada), fungua dirisha. Kitufe cha HUSH, mara nyingi ni kile kile cha TEST, kinaipunguzia makali kwa kama dakika 10 alafu inarudi kazini yenyewe, tumia hicho badala ya taulo. Kama ni studio au jiko limeungana na sebule na mmewekewa alamu ya moshi juu ya jiko kabisa, hapo aliyekosea ni aliyeifunga. Jikoni panatakiwa alamu ya joto, ambayo inashtuka joto likifika karibu nyuzi 58 na haijali moshi wa chapati. Mwandikie mwenye nyumba uombe kubadilishiwa aina, ni ombi la kawaida tu.

Mshitakiwa wa pili kwa watu wa pwani ni udi na ubani. Chetezo kinapitishwa chini ya alamu jioni ya Alhamisi, nyumba inanukia vizuri, alafu alamu nne kwa pamoja na majirani koridoni na nguo za kulalia. Moshi wa udi ni moshi, alamu iko sahihi. Fukiza chumbani mlango umefungwa na dirisha limefunguliwa kidogo, usisimame koridoni, na kile kijikaa hakikisha kimezimwa kwa maji kabla hakijaenda kwenye pipa la plastiki.

Kisha mvuke wa bafuni, hasa alamu ikiwa nje ya mlango wa bafu, na nguo mnazoanika juu ya radieta kwenye chumba kisicho na hewa. Mvuke unaiingia kama moshi. Funga mlango wakati wa kuoga na uache feni iendelee dakika kadhaa.

Ikiwa inapiga bila kupika, bila kuoga, saa yoyote, basi ni uchafu ndani: vumbi la mafundi waliopiga msasa ukuta jirani, wadudu wadogo wanaopenda ule mwanya, au vumbi linalopulizwa kutoka darini kupitia tundu la waya. Vakyum kwanza. Ikirudia mara mbili ndani ya wiki baada ya kusafishwa na iko karibu na miaka 10, ibadilishwe. Usiipasue kuangalia ndani, za aina ya zamani za ayonaizesheni zina chembe ndogo sana ya mionzi, ikiwa nzima haina shida, kuipasua ndo hapana.

Zote zinapiga, hujui ipi imeanzisha

Zimeungwa kwa waya au redio, moja ikishtuka zote zinapiga, ndo kusudi. Baada ya kuhakikisha hamna moto zunguka haraka uangalie taa nyekundu: kwenye modeli nyingi ile iliyoanzisha taa yake inapepesa haraka haraka, nyingine hazipepesi. Piga video kwa simu, kesho utasahau ilikuwa ipi. Bonyeza HUSH kwenye hiyo hiyo. Kama hujaitambua, bonyeza HUSH kwenye yoyote: kwenye modeli nyingi, nyingine zikinyamaza na moja ikabaki inapiga, hiyo iliyobaki ndo mwanzilishi, iangalie kwa sababu za hapo juu.

Taa ya kijani imezima

Usipuuze hata kama iko kimya, hiyo inaishi kwa betri na siku zake zinahesabika.

Umeme wa nyumba upo? Salio la mita? Nenda mein switchi, angalia breka iliyoshuka chini. Kama alamu zina breka yake peke yake inaweza kushuka mwezi mzima na hakuna anayejua, maana taa na friji vinaendelea, na nimeshakuta mpangaji aliyepita kaizima makusudi ili alale. Ipandishe mara moja. Ikikaa, vizuri. Ikishuka tena acha, usiipandishe mara ya tatu ya nne, kuna hitilafu na kila unapoilazimisha unapeleka umeme kwenye hitilafu.

Kama breka iko juu na alamu moja tu ndo haina kijani, izime breka, isukume alamu vizuri kwenye kitako chake, washa. Mara nyingi mafundi wa kupaka rangi waliishusha wakapaka dari wakairudisha nusu nusu. Ikigoma, shida iko kwenye waya, na waya sio wako.

Ukibonyeza TEST kimya, au inalia moja tu

Shikilia kitufe sekunde 10, wengi wanakigusa tu kama kengele ya mlango. Bado kimya na kijani inawaka, alamu imekufa, toa taarifa leo leo.

Ikilia moja na nyingine zikanyamaza, zile ambazo zinatakiwa kuwa zimeungana, kuna uwezekano fundi alibadilisha moja akaweka ya kampuni nyingine, na za kampuni tofauti kwa kawaida haziongei. Au waya wa kuunganishia haukufungwa, au za redio hazijatambulishwa upya baada ya mabadiliko. Hilo huwezi kulitatua wewe. Unachoweza ni kulithibitisha: mtu mmoja abonyeze chini, mwingine asimame chumbani juu mlango umefungwa kama mtu aliyelala.

Nyumba ya kushea yenye paneli ukutani

Kama mnakaa wengi kwenye HMO, yaani nyumba moja ya wapangaji wasio familia moja, na mlangoni kuna boksi lenye taa na funguo, huo ni mfumo mwingine kabisa. Paneli ikilia taratibu na taa ya njano ya hitilafu, piga picha ya maandishi yake, mtumie mwenye nyumba au wakala, basi. Usizime paneli, wala usitoe kichwa cha alamu chumbani kwako, paneli inaonyesha kimetolewa na wenzako mnalala bila ulinzi.

Hapa shuka kwenye ngazi

Harufu ya plastiki kuungua, doa la kahawia kuzunguka alamu, mlio wa kunguruma kama nyuki, maji yanatoka kwenye dari kupitia alamu kwa sababu ya bafu la juu, waya wa shaba unaonekana, kitako kinacheza, breka inashuka kila ukiipandisha. Zima breka ukiweza kuifikia ukiwa mkavu, usiguse alamu, ita mwenye nyumba kama dharura, na ukiona moshi au cheche ni 999. Volti 230 za huku ni zile zile za nyumbani, zinaua vile vile. Usimwite na yule rafiki "anayejua umeme".

Mwenye nyumba kakaa kimya

Betri za kubadilisha ndani ya mkataba, England wanategemea mpangaji ujaribu kwanza. Ikishindikana, au betri ni ya kufungiwa, au alamu yenyewe mbovu, ni yake. Kanuni za 2015 zilizoongezewa nguvu kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022 zinamtaka awe na alamu ya moshi angalau moja kila ghorofa inayokaliwa, alamu ya kaboni kwenye chumba chenye kifaa cha kuchoma mafuta au gesi kama boila (jiko la gesi la kupikia halihesabiwi), azijaribu siku ya kwanza ya upangaji, na akiambiwa ni mbovu atengeneze au abadilishe. Nyumba za kaunsili na za mashirika ya nyumba zimo pia. Scotland ni kali zaidi, tangu Februari 2022 kila nyumba inatakiwa alamu zilizounganishwa, moja sebule, moja kila korido, na ya joto jikoni. Wales, kwenye nyumba ya kupanga lazima alamu za moshi ziwe za umeme na zimeungana.

Simu haitoshi, simu haina ushahidi. Andika imeili au meseji: alamu ya wapi, inafanya nini, tangu tarehe gani, umeshajaribu nini, weka picha ya tarehe ya ubavuni na video ya mlio. Kama kuna watoto au mzee ndani, sema. Wakisema wanatuma fundi Jumanne, wape nafasi ya kuingia, ukikataa unawapa wao sababu. Siku zikipita kimya, mtafute mtu wa nyumba za binafsi kwenye kaunsili yako. England kaunsili ikimpelekea mwenye nyumba notisi ana siku 28, akipuuza faini inaweza kufika pauni 5,000, na mara nyingi jina la kaunsili kwenye imeili tu linaamsha watu.

Wakati unasubiri usikae bila kitu. Nunua alamu ya betri, yenye alama ya BS EN 14604 (kiwango cha ubora cha alamu za moshi), iweke dari ile ile ya korido kwa muda, ya kwako ukihama unaondoka nayo. Au pigia zimamoto wa eneo lako kwa namba ya kawaida, sio 999, uulizie ukaguzi wa usalama nyumbani, sehemu nyingi ni bure na wakati mwingine wanakufungia alamu siku hiyo hiyo.

Ile mbovu usiitupe hata kama imekuudhi vipi, ukihama watakukata kwenye dipoziti. Na siku fundi akija, asishuke ngazi akaondoka: mwambie abonyeze TEST mbele yako, ninyi mkiwa vyumba tofauti, msikie zote, alafu piga picha ya mwaka ulioandikwa ubavuni mwa ile mpya.